Kompyuta inazima, mtoto halali

Dar es Salaam. Saa tisa usiku mama aliamka kwenda kunywa maji, akaona mwanga chini ya mlango wa chumba cha kijana wake. Hakusikia kelele za gemu. Aliposukuma mlango alimkuta mtoto ameketi sakafuni, kompyuta imefunguliwa ubavu, bisibisi mkononi, macho mekundu.

"Bado hujalala, baba?"

"Nalala sasa hivi, mama."

Ilikuwa wiki ya tatu ya majibu hayo hayo. Kijana, mwenye miaka 17, alikuwa amemaliza mtihani wa kidato cha nne Novemba na anasubiri matokeo. Kila asubuhi aliondoka na begi kwenda masomo ya maandalizi ya kidato cha tano, yale wenyewe wanayoyaita "pre-form five". Kila jioni alirudi, akala vijiko viwili vitatu vya wali, akajifungia chumbani. Uniti za LUKU zilizokuwa zikitosha wiki mbili zikawa zinaisha siku ya kumi.

Kwa mama, fundi cherehani anayeshona nyumbani kwake Tabata, jibu lilikuwa moja tu. Mtoto amekuwa teja wa gemu. Alikuwa ameshasikia redioni kwamba uraibu wa gemu siku hizi unahesabiwa kuwa ugonjwa. Asubuhi alimwambia mumewe: "Baba watoto, lile dude liondoke humu ndani kabla halijaniharibia mtoto."

Baba alikubali. Jioni hiyo aliingia chumbani akiwa na nia ya kulibeba na kwenda kuliuza. Familia hiyo, ambayo majina yake yanahifadhiwa, inasema jambo dogo ndilo lililobadilisha kila kitu. Baba alipokuwa anainama kuchomoa waya, kompyuta ikatoa mlio mdogo, "tik", ikazima yenyewe. Feni zikasimama. Kioo kikawa cheusi.

Baba ni fundi umeme wa majumba kwa zaidi ya miaka 20. Mkono ukabaki palepale kwenye soketi.

"Inazima, au umeizima?"

"Inazima yenyewe, baba."

"Inazima ikiwa inafanya nini?"

Kijana alimtazama baba yake. Kwa wiki tatu lilikuwa swali la kwanza aliloulizwa kuhusu kompyuta hiyo ambalo halikuwa na ukali ndani yake.

Kadi mbili ndani ya boksi moja

Kompyuta hiyo haikununuliwa dukani ikiwa kamili. Mjomba wake anayeishi Arusha aliiunda mwenyewe mwaka 2017, akichagua kifaa kimoja kimoja, na mwaka jana alimpa mpwa wake baada ya kununua nyingine. Pawa saplai yake, yaani lile boksi linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vifaa vya ndani, ilikuwa imeungua. Kijana alinunua nyingine ya bei nafuu.

Kwa mzazi asiyezijua mashine hizi, kompyuta ya gemu inatofautiana na ya ofisini hasa kwa kifaa kiitwacho kadi ya grafiki. Hiyo ndiyo inayochora kila picha unayoiona kwenye kioo. Picha moja huitwa fremu, na gemu likienda vizuri kadi huchora fremu 60 au zaidi kwa kila sekunde. Kazi hiyo inakula umeme na kutoa joto, ndiyo maana kadi ina feni zake yenyewe.

Ya mjomba ilikuwa na kadi moja, GeForce GTX 1070, iliyotoka mwaka 2016. Ilikuwa inafanya kazi vizuri. Desemba kijana akanunua ya pili ya aina ileile, iliyotumika, akaipachika chini ya ile ya kwanza na kuziunganisha juu kwa kipande kidogo kiitwacho daraja. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Kadi moja ina nguvu fulani, basi mbili zitakuwa na nguvu mara mbili.

Tangu siku hiyo kompyuta haikutulia. Akifungua gemu, dakika chache tu inazima. Usiku mmoja ilizima mara tisa.

"Badilisha kitu kimoja"

Jumapili baba hakwenda kazini. Aliingia chumbani na daftari la hesabu za kazi zake, akaketi kitandani.

"Niambie ulichokwisha kufanya."

Kijana alifanya mengi. Alifuta Windows na kuiweka upya. Alibadilisha draiva, ile programu inayoifundisha kompyuta kuongea na kadi. Aligeuza daraja, akahamisha rami, akasafisha vumbi, akabadilisha mpangilio wa gemu. Mambo sita, yote kwa usiku mmoja.

"Na ingepona, ungejuaje kilichoiponya?" baba aliuliza.

Kijana hakuwa na jibu.

Baba akamweleza anavyotafuta hitilafu ya nyumba nzima. Unazima saketi zote, unawasha moja, unasubiri. Unawasha ya pili, unasubiri. Ikikatika, umeshajua ni ipi. Ukiwasha zote kwa pamoja, utakesha. Akachora mistari kwenye daftari: nini kimebadilishwa, nini kimetokea. Baba anaandika, mtoto anafanya.

Walianza na nyumba yenyewe. Kompyuta ilikuwa imechomekwa kwenye ekstensheni moja na feni pamoja na runinga. Wakaichomeka peke yake ukutani. Ikazima tena, na taa za nyumba hazikupepesa hata kidogo. Baba akaandika: umeme wa nyumba, hapana.

Wakaitoa kadi mpya, wakaacha ile ya mjomba peke yake. Gemu likaenda nusu saa bila tatizo. Wakaitoa ya mjomba, wakaweka mpya mahali pale pale. Nusu saa nyingine, salama. Kijana akashusha pumzi, kwa sababu kwa wiki tatu aliamini ameuziwa kadi mbovu. Wakaijaribu kadi moja kwenye nafasi ya pili ya ubao. Nayo ikafanya kazi.

Kisha wakarudisha zote mbili, bila gemu. Saa nzima kompyuta ikakaa inaonyesha picha ya mezani tu, haikuzima. Wakafungua gemu. Dakika ya nne: "tik".

"Joto?" baba aliuliza.

Kijana alikuwa ameiacha wazi programu ya kupima joto, na mara hii alikuwa anaitazama. Kadi ya juu, inayovuta hewa ya moto kutoka kwa mwenzake wa chini, ilikuwa nyuzi 74. Ya chini 66. Kadi hizo hustahimili zaidi ya nyuzi 90 kabla ya kujizima. Baba akaandika: joto, hapana.

Kila kifaa peke yake kilikuwa kizima. Vyote pamoja bila kazi, sawa. Vyote pamoja na kazi nzito, inazima. Baba hakuhitaji kuambiwa zaidi.

"Huu ni mzigo. Nionyeshe hilo boksi la umeme."

Herufi kubwa na herufi ndogo

Ubavuni mwa pawa saplai kulikuwa na namba kubwa: wati 500. Kijana aliwahi kuipiga hesabu. Kadi moja ya GTX 1070 inaweza kula wati 150. Mbili ni 300. Prosesa na vingine, tuseme 100. Jumla 400, chini ya 500. Kwenye karatasi ilikuwa inatosha.

Baba alivaa miwani akasoma jedwali la herufi ndogo chini ya namba ile kubwa. Pawa saplai hutoa umeme wa volti tofauti, na kadi za grafiki pamoja na prosesa hula karibu umeme wao wote kwenye njia ya volti 12. Kwenye njia hiyo jedwali lilisema ampea 22.

"Wati ni nini?"

"Volti mara ampea," kijana alijibu. Ilikuwa fizikia ya kidato cha nne.

"Haya, piga."

Kumi na mbili mara 22 ni 264. Kadi mbili peke yake zilitaka 300, hata kabla prosesa haijapata chake. Kwa kadi moja, mzigo ulikuwa kama wati 250 na boksi lilijikongoja. Kwa mbili lilizidiwa na kujikata, kama saketi breka inavyojikata ukiwasha pasi na jiko la umeme kwenye waya mmoja.

Baba akashika waya uliokwenda kwenye kadi. Ulikuwa mmoja, wenye vichwa viwili, kila kichwa kimechomekwa kwenye kadi yake. Plastiki ya kichwa cha kwanza ilikuwa imeanza kubadilika rangi, ya kahawia.

"Unakiona hiki? Hiki kingekuunguza usingizini."

Hapo ndipo baba alipopandisha sauti kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Ikapona, lakini faida haikuonekana

Jumatatu baba aliazima pawa saplai ya wati 750 kwa fundi anayefahamiana naye Kariakoo. Kila kadi ikapata waya wake. Gemu likaenda saa nzima na kompyuta haikuzima.

Kijana alipaswa kufurahi. Badala yake alikaa anatazama namba kwenye kioo.

Gemu jipya, lile lililomfanya anunue kadi ya pili, lilikuwa linaitumia kadi moja tu. Ya pili ilikaa kwenye asilimia sifuri. Gemu la zamani lilitumia zote mbili, na fremu zikapanda, lakini picha ilikuwa inakwamakwama. Sababu ni kwamba kadi mbili hupokezana: hii inachora fremu ya kwanza, ile ya pili, hii ya tatu. Ni kama wapishi wawili wa chapati kwenye meza moja. Mmoja akitoa yake mapema na mwenzake akichelewa, chapati kwa saa ni nyingi, ila mlaji anazipata kwa vishindo, mbili kwa mpigo kisha anasubiri.

Hata kumbukumbu za kadi hazijumlishwi. Kila moja ilikuwa na gigabaiti 8, lakini kila moja lazima iwe na nakala yake ya picha zilezile, hivyo mbili hazifanyi 16. Zinabaki 8.

Teknolojia yenyewe ina umri. Kampuni ya 3dfx iliuza kadi za kuunganishwa mbili mbili tangu mwaka 1998. NVIDIA ikaleta ya kwake, iitwayo SLI, mwaka 2004, na washindani wao ATI wakafuata mwaka 2005 na CrossFire. Kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo fahari ya wapenzi wa gemu. Lakini ili gemu litumie kadi mbili lazima liandaliwe kwa kazi hiyo, na watengenezaji waliendelea kulikwepa jambo hilo. Tangu Januari 2021 NVIDIA haiongezi tena maandalizi ya magemu mapya kwa kadi za kundi hilo. Kijana alinunua lango la nyumba ambayo wenyewe wameshahama.

Baba alimsikiliza akieleza yote hayo. Alipomaliza, akauliza swali moja, taratibu.

"Sasa hii ya pili uliinunua kwa hela gani?"

Kilichomnyima usingizi

Ilikuwa laki tatu, ada ya masomo ya maandalizi. Mama aliihifadhi kidogo kidogo kwa kushona sare za shule, akampa mkononi mwanzoni mwa Desemba ili akalipe mwenyewe, kama mtu mzima.

Kijana alikuwa na mpango. Vijana wa mtaani wangekuja kucheza kwake kwa shilingi 500 kila mmoja. Kwa wiki mbili angerudisha hela yote, akalipe ada kwa kuchelewa kidogo, na kompyuta ibaki na kadi mbili. Lakini kompyuta haikuwaka hata gemu moja likaisha. Kila asubuhi aliondoka na begi akaenda kuzunguka kwa mafundi. Kila usiku alijaribu kuifufua. Tangu kadi ya pili iingie, hakuwa amecheza gemu kwa kufurahi hata mara moja.

Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliketi pale pale kwenye kizingiti.

"Kwa hiyo wiki zote hizi mimi nadhani unacheza."

"Sikuwa nacheza, mama. Nilikuwa natafuta jinsi ya kukurudishia."

Hakuna aliyemchapa wala kumkumbatia. Baba alifunga daftari, akasema chakula kinapoa. Mama alilia usiku, chumbani kwake. Asubuhi yake alimwita mwanawe, akampa kikombe cha chai na karatasi, akamwambia aandike namna atakavyoilipa.

Dalili moja, sababu nyingi

Mama huyo hakukosea kuwa na hofu. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuweka uraibu wa gemu kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Lakini vigezo vyake si wingi wa saa peke yake. Mtu ameshindwa kujizuia, gemu limetangulia mbele ya mambo mengine yote ya maisha, na anaendelea ingawa anaona linamdhuru. Kwa kawaida hali hiyo inatakiwa iwe imedumu miezi 12 au zaidi, na iwe imeharibu maisha yake ya familia, shule au kazi. Anayethibitisha ni mtaalamu wa afya.

Kukosa usingizi, kula kidogo, kujifungia na kuwa mkali ni dalili. Zinaweza kuletwa na gemu. Zinaweza pia kuletwa na deni, mapenzi, kuonewa na wenzake, hofu ya matokeo ya mtihani, sonona au jambo alilolifanya akashindwa kulisema. Kwa nje zote zinafanana, kama vile kioo kinavyokuwa cheusi kwa joto, kwa kadi mbovu au kwa umeme usiotosha.

Usingizi wenyewe si wa kupuuzwa, iwe sababu ni ipi. Wataalamu wa usingizi wanashauri vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10 kwa siku. Asiyelala vizuri kwa wiki kadhaa hukasirika haraka, hukumbuka kidogo na huamua vibaya. Kijana huyu, kwa mfano, alibadilisha vitu sita kwa usiku mmoja, jambo ambalo hata yeye mwenyewe leo analicheka.

Mzazi anayemwona mwanawe anakesha na kompyuta anaweza kuanza na maswali yasiyo na hukumu ndani yake. Unafanya nini hapo? Ilianza lini? Nini kilibadilika wakati huo? Nionyeshe. Kisha abadilishe jambo moja kwa wakati. Kumnyang'anya kompyuta, kumkatia hela na kumhamishia kwa shangazi kwa wiki moja kunaweza kuizima dalili, huku sababu ikibaki haijulikani. Na kama mtoto anazungumzia kujidhuru, ameacha kula kabisa au hali inaendelea kwa wiki kadhaa licha ya mazungumzo, apelekwe kituo cha afya bila kungoja.

Kuhusu mashine yenyewe, baba huyo ana mambo machache anayoyarudia kwa wazazi wenzake. Kabla mtoto hajaongeza kifaa, soma namba ya ampea kwenye njia ya volti 12, usitosheke na ile ya wati iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Kila kadi iwe na waya wake. Plastiki ikibadilika rangi au ikinuka, chomoa ukutani. Kompyuta isifunguliwe ikiwa imechomekwa, na boksi la pawa saplai lenyewe lisifunguliwe na asiye fundi, kwa sababu ndani yake hubaki umeme hata baada ya kuchomolewa.

Kadi moja

Kadi ya pili iliuzwa kwa shilingi 230,000, na kijana alimweleza mnunuzi kila alichokijua juu yake, pamoja na ukweli kwamba peke yake ni nzima. Elfu 70 zilizopungua amezilipa kwa Jumamosi tano za kuvuta nyaya darini na baba yake. Ada ililipwa kwa kuchelewa, akaingia darasani wiki za mwisho, na wenzake wakamwazima madaftari.

Pawa saplai ya kuazima ilirudi Kariakoo. Ile ya zamani, baada ya plastiki ile ya kahawia, baba hakutaka kuiona tena ndani ya nyumba. Walinunua nyingine iliyotumika, safari hii wawili pamoja, na mwenye duka alishangaa kuona mzee anaomba kusoma herufi ndogo.

Kompyuta sasa ina kadi moja, ile ya mjomba. Magemu mapya inayacheza kwa picha za kawaida. Mama bado huamka usiku kunywa maji, na bado hutazama chini ya mlango. Mara nyingi huwa giza. Saa nne usiku kompyuta huwa imeshazimwa, na anayeizima ni kijana mwenyewe.